Daftari la kupitwa: mwongozo kwa anayeshindwa kulala bila kuchungulia status

Saa 5:40 usiku, Jumamosi. Nimelala chali, simu iko usoni. Mwenzangu tuliyesoma naye sekondari ameweka status za sendofu, na vile vimstari vya juu ya kioo vimekuwa vingi mpaka vinafanana na mshono wa cherehani, nukta nukta nukta. Nilizitazama zote. Nikaona sare ya kitenge cha kijani, nikaona watu niliokaa nao dawati moja wakicheza nyuma ya keki, nikaona na kiti kimoja cheupe kimebaki wazi karibu na meza ya mbele. Nikajisemea, kile kingekuwa changu. Kadi niliipata. Mchango sikutoa, maana mwezi ule nilikuwa nimeshachangia harusi mbili na msiba mmoja, na kodi ya nyumba ilikuwa inanisubiri. Uamuzi ulikuwa sahihi kabisa, na bado sikulala mpaka saa nane.

Hiyo ndiyo hofu ya kupitwa. Si wivu hasa, kwa sababu sikumtakia mwenzangu mabaya, na njaa ya keki sikuwa nayo. Ni ile hisia kwamba mahali fulani, sasa hivi, kuna jambo linafanyika na mimi simo. Vijana wanaiita fomo. Neno hilo lilianza kusambaa mwaka 2004, Patrick McGinnis alipoliandika kwenye gazeti la wanafunzi la shule ya biashara ya Harvard, akiwasema wanafunzi wenzake waliokuwa wanakimbia kutoka sherehe moja hadi nyingine wakiogopa kukosa hata moja. Watu husahau kwamba makala ile ilitaja hofu mbili. Ya pili ni ya mtu anayeshindwa kuchagua chochote kwa kuwa huenda kikaja kilicho bora zaidi. Huyo wa pili sisi tunamjua tangu tukiwa wadogo: ni yule fisi aliyefika njia panda, akanusa nyama pande zote mbili, akataka kupita kote kote, akapasuka msamba.

Sitakwambia ufute WhatsApp. Mimi nilifuta, nikakaa siku tisa najiona mtakatifu. Ndani ya siku hizo tisa shangazi yake baba akafariki huko Same, taarifa ikawekwa kwenye kundi la ukoo, watu wakapanga, coaster ikakodiwa, ikaondoka alfajiri bila mimi. Hakuna aliyenipigia, kila mmoja alijua nimeshaona. Mpaka leo kuna mama mdogo mmoja akinisalimia, salamu yake ina kona. Kwa hiyo kupitwa kwingine kuna gharama, na kazi yako ya kwanza ni kujua kupi ni kupi.

Hatua ya kwanza: nunua daftari

La kurasa 48 linatosha, lile la wanafunzi. Usitumie simu, kwa sababu ukifungua simu kuandika kwamba status imekuumiza, utaishia kutazama status nyingine.

Kila hofu inapokuchoma, andika mstari mmoja. Tarehe, kitu unachoogopa kupitwa nacho, na kingekugharimu nini kama ungekifuata: pesa, usingizi, siku ya mapumziko, mtoto kubaki na jirani. Halafu acha nafasi tupu upande wa kulia. Nafasi hiyo utaijaza baada ya wiki mbili, si kabla.

Yangu ya mwanzo yalikuwa hivi:

"Tarehe 3. Wenzangu wa ofisini wamekwenda Mbudya kuogelea, wamepiga picha kwenye boti. Gharama: nauli, chakula, kufua kungelala."

"Tarehe 5. Jirani kanunua mtungi mkubwa wa gesi kwa bei ya punguzo, leo ndiyo mwisho. Gharama: hela ya mboga ya wiki. (Wangu bado umejaa!)"

"Tarehe 5 tena. Watu wanaongelea video fulani, sijaiona. Gharama: kifurushi."

Mwezi wa kwanza nilifikisha mistari 31. Niliporudi kuisoma baada ya zile wiki mbili, 22 nilikuwa siikumbuki hata inahusu nini. Ile video, kwa mfano, namuuliza mtu ilikuwa video gani, naye hakumbuki. Mistari sita ilinichekesha. Ikabaki mitatu ambayo bado ilikuwa inauma.

Hiyo mitatu usiidharau. Watu wengi wakisikia "hofu ya kupitwa" hudhani dawa ni kuzima kila hamu na kujifunza kutosheka. Mimi sikubaliani. Mstari unaouma baada ya wiki mbili unakuonyesha kitu unachokitaka kweli. Ule wa Mbudya nilipouchunguza niliona kwamba boti na picha havinihusu. Kilichoniuma ni kwamba mimi, mtoto wa Tanga, niliyekua nasikia mawimbi, sijui kuogelea, na kila safari ya baharini mimi ndiye mlinda viatu vya wenzangu.

Mwaka 2013 mwanasaikolojia Andrew Przybylski na wenzake walichapisha utafiti kuhusu hofu hii, na wakaona kwamba huwakaba zaidi watu ambao mahitaji fulani ya moyo hayajashiba: kujiamulia mambo yako mwenyewe, kujiona unaweza jambo, na kuwa na watu walio karibu nawe. Kwa hiyo mbele ya kila mstari uliobaki hai, jiulize ni njaa ipi kati ya hizo. Wangu ulikuwa wa pili. Kama ni wa tatu, yaani huna watu, basi kununua sare ya sendofu ya mtu usiyeongea naye hakutakusaidia. Mpigie mmoja unayempenda, mkanywe chai.

Hatua ya pili: panga simu, usiifute

Status imetengenezwa ili ikuwahishe. Inakaa saa 24 kisha inapotea, na kitu kinachopotea kila mtu hukikimbilia, hata kama ni picha ya wali. Ukilijua hilo, nusu ya uchawi umeisha.

Nusu nyingine maliza hivi. Fungua orodha ya status, shika jina la yule ambaye kila ukimtazama unabaki na unyonge, bonyeza kwa muda, utaona nafasi ya kumnyamazisha. Tunasema kummyuti. Hataambiwa, hajui, mtasalimiana Jumapili kama kawaida. Nilianza na watu wanne. Mmoja wao ni rafiki yangu wa karibu, nampenda, na nampenda zaidi nisipoona anakula nini kila siku.

Makundi nayo yapange. WhatsApp inakuruhusu kunyamazisha kundi kwa masaa 8, kwa wiki moja, au daima. Kundi la shule, la mtaa, la wapenzi wa timu, la kamati ya harusi iliyokwisha mwaka juzi na bado watu wanatumiana salamu za asubuhi zenye maua: daima. Utayasoma ukitaka wewe, jioni, ukiwa umekaa, kwa mkupuo mmoja. Utashangaa ujumbe 200 unavyosomwa kwa dakika tatu.

Kundi la ukoo na la kazini yaache yalie.

Na sasa lile ambalo siku zangu tisa zilinifundisha. Chagua mtu mmoja katika ukoo, yule ambaye habari zote humfikia yeye kwanza (kila ukoo unaye, na kwa kawaida ni shangazi), umwambie wazi: "Shangazi, shikamoo. Mimi simu siishiki sana siku hizi. Kukiwa na msiba au mgonjwa, naomba unipigie, hata usiku wa manane. Usiandike, piga." Mwambie na jirani mmoja mtaani kwako maneno hayo hayo. Ukishafanya hivyo umejinunulia utulivu mkubwa, kwa sababu kile ulichokuwa unakiogopa chini ya zile status zote kimepata mlango wake. Simu ya shangazi isipolia, hakuna ulichokosa ambacho watu watakulaumu nacho makaburini.

Chumbani simu isiingie. Iache sebuleni inachaji, sauti ya kupigiwa ikiwa juu. Saa ya kukuamsha nunua Kariakoo.

Hatua ya tatu: mialiko na michango

Hapa ndipo hofu inapokula hela. Kadi inakuja na kiwango chake, single na double, inafuatiwa na kundi la WhatsApp, halafu kila asubuhi mweka hazina anabandika orodha ya waliotoa na waliobaki. Jina lako liko chini, lina kistari mbele. Orodha ile ina nguvu kuliko mahubiri.

Nilichofanya ni kutenga fungu la mwezi. Langu ni shilingi 60,000 kwa shughuli zote, na nimeligawa kabla kadi hazijaja: msiba una haki ya kwanza, kisha ndugu wa damu, kisha mtu aliyewahi kunishika mkono nilipokuwa na shida. Likiisha, limeisha, anayefuata anapata jibu siku hiyo hiyo. Kinachokutesa si kukataa, ni kule kukaa wiki tatu hujajibu, unaona jina lako kwenye orodha kila asubuhi.

Jibu liwe fupi na lenye heshima. Mimi huandika: "Hongereni sana kwa hatua hii. Mwezi huu mkono wangu umekuwa mfupi, sitaweza kufika. Nitakuja kumsalimia bibi harusi nyumbani kwake mambo yakitulia." Halafu uende kweli. Nimekwenda mara tatu sasa, nikiwa na kilo mbili za sukari na kanga doti moja, na nakuhakikishia bibi harusi aliyekaa kwake miezi miwili anakufurahia kuliko alivyowafurahia wale mia tatu ukumbini ambao hakuwaona vizuri kwa taa za kamera. Unapewa chai, unaonyeshwa albamu, unasimuliwa na yale ambayo hayakuingia kwenye status: MC alichelewa, keki iliegama, mama mkwe alinuna.

Hatua ya nne: fursa

Neno hili limetuharibu. Zamani mtu alikuwa anauza kiwanja. Siku hizi anakuletea fursa.

Nilitoa laki tano kushika kiwanja nje ya Dar kwa sababu tangazo lilisema vimebaki vitatu tu na bei inapanda Jumatatu. Ilikuwa Ijumaa. Nilituma hela nikiwa kwenye daladala, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba. Sikuwa nimekiona. Nilikuja kukiona mwezi wa nne, masika, na njia ya kwenda huko ilikuwa imekatwa na maji, mwendesha bodaboda alisimama upande wa huku akaninyooshea kidole: "Cha kwako kile pale, dada, penye yale matete." Hela ilirudi nusu, baada ya safari nyingi. Miezi minane baadaye nikakutana na tangazo lile lile. Vimebaki vitatu tu.

Kwa hiyo sheria yangu ya fursa ni siku tatu kamili. Mtu akikuambia leo ndiyo mwisho, mwambie utampa jibu baada ya siku tatu. Akikasirika, umeshapata jibu. Wahenga walishamaliza, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na sijawahi kuona kitu kizuri kweli kikinifuata inbox saa tano usiku.

Ndani ya siku hizo tatu fanya kazi. Kama ni kiwanja, nenda kwa miguu yako, ongea na majirani, ongea na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na kama wanadai kina hati, fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kulipa. Ukiweza, kakione wakati wa mvua. Kama ni mpango wa kuweka pesa zizae, uliza swali moja: faida inatoka kwenye biashara gani? Ukijibiwa kwamba inatoka kwa kuleta watu wengine, ondoka. Mwenye umri wangu anaikumbuka DECI, mpango wa upatu uliofungwa na serikali mwaka 2009. Watu walikuwa "wanapanda mbegu" na "kuvuna" mara kadhaa ya walichopanda, na wa mwanzo walivuna kweli, hilo ndilo lililowavuta wengine. Mavuno ya wa jana yalikuwa mbegu za wa leo. Wengi hawakuingia kwa tamaa kubwa kama tunavyopenda kusema leo. Waliingia kwa kuwa jirani na muumini mwenzao walikuwa wameshavuna, na wao wakaona wanaachwa. Uliza Benki Kuu, au Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kama wanaokusanya pesa wana leseni. Swali lenyewe ukilitaja tu mbele ya mwenye fursa, tazama uso wake.

Na kabla hujatoa hela, angalia unaitoa wapi. Kama ni kutoka kwenye mtaji wa biashara yako ndogo inayokwenda polepole lakini inakwenda, basi wewe ndiye uliyekuwa unaambiwa usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa. Haupendezi kwenye picha, ila ndio unaoulalia.

Hatua ya tano: "wenzangu wamejenga"

Hii ndiyo ngumu, na sina mbinu yake iliyokamilika. Vitenge na viwanja vinapita, lakini kuna hofu ya kupitwa na umri wenyewe. Wenzangu wamejenga, mimi napanga. Wenzangu watoto wao wako la nne.

Kilichonisaidia kidogo ni kuacha kusema "wenzangu" kwa ujumla. Chukua daftari, andika majina. Ni nani hasa? Nilipoandika nilipata majina matano, kati ya watu mia na kitu tuliomaliza pamoja. Wengine niliwajumlisha tu kwa hofu. Kati ya hao watano, mmoja alirithi kiwanja, mmoja ana mkopo ambao huniambia habari zake kila tukikutana, na wawili wamejenga kwa jasho lao na nawaheshimu. Wa tano niligundua hajajenga, alipiga picha mbele ya nyumba ya kaka yake.

Nilimfuata mmoja wa wale wawili, nikamuuliza ameanzaje. Akanieleza vizuri sana: tofali hamsini hamsini, miaka sita, simenti akinunua kila anapopata marupurupu, msingi ukaota majani mpaka mbuzi wa jirani wakahamia. Picha aliyoweka status ni ya siku moja. Nilirudi nyumbani sina wivu tena, nina bei ya tofali.

Usiku ukikuchoma

Kutakuwa na usiku utakaorudi kule kule, vimstari vile vile. Usijigombeze. Inuka, andika mstari kwenye daftari, tarehe na gharama, kisha fanya jambo moja la mikono: loweka maharage ya kesho, piga pasi sare ya mtoto, panga kabati. Ikishindikana, tazama hizo status zote mpaka zikuishie, halafu uweke simu sebuleni. Mimi bado nateleza, hasa Desemba, watu wa Moshi wakianza kupanda mabasi kwenda nyumbani na kila status ni mgomba na mlima.

Ule mstari wa Mbudya niliufanyia kazi. Jumamosi asubuhi, maji yakiwa yamejaa, dada mmoja wa mtaani aliyekulia Pangani ananifundisha. Nimeshaweza kuelea, na kuogelea hatua kama kumi kabla sijaanza kunywa maji. Simu huwa ndani ya kikapu mchangani, chini ya khanga, anaiangalia mwanawe. Nikitoka nafuta mikono kwanza, kisha naitazama. Wiki iliyopita kulikuwa na ujumbe 143. Shangazi hakuwa amepiga. Nikairudisha kikapuni, nikarudi majini.